Mama anatolewa kifuko cha nyongo: ulizia pia usiku wa kwanza

SWALI: Daktari, shikamoo. Mama yangu ana miaka 58, anatumia dawa za presha, na ultrasaundi imeonyesha mawe kwenye kifuko cha nyongo. Amepangiwa upasuaji wa matundu wiki ijayo. Daktari amesema atatembea siku hiyo hiyo na huenda akaruhusiwa kesho yake. Pia ameambiwa anaweza kunywa chai ya rangi asubuhi kabla ya upasuaji. Nyumbani tumegawanyika. Mjomba anataka tuchange mama apelekwe India kwenye mashine za kisasa. Shangazi anasema mtu mwenye kidonda hainuki kitandani kabla ya wiki. Nimuulize nini daktari ili nijue mama yuko kwenye mikono salama? (Msomaji, Dodoma)

JIBU: Marahaba, na pole kwa kuuguza. Nitakujibu kwa jicho la kazi yangu. Mimi ni daktari wa usingizi, yule anayekaa kichwani pa mgonjwa wakati wenzake wanashughulika na tumbo. Ndugu wakija kuzungumza nasi kabla ya upasuaji, huuliza habari za kisu, mashine na elimu ya mpasuaji. Hayo ni maswali halali. Ni wachache mno wanaouliza nani atakuwa na mgonjwa saa nane usiku.

Na huko ndiko kwenye shida. Mwaka 2018 jarida la Lancet lilichapisha utafiti uliofuatilia wagonjwa 11,422 waliopasuliwa katika hospitali 247 za nchi 25 za Afrika. Waliofariki walikuwa asilimia 2.1, kama mara mbili ya wastani wa dunia, ingawa wagonjwa wetu walikuwa na umri mdogo zaidi na magonjwa machache zaidi. Sasa angalia walifariki lini: zaidi ya 9 kati ya 10 walifariki baada ya siku ya upasuaji kupita. Walishatoka mezani salama, wakaanza kuzidiwa wakiwa wodini.

Usizichukue namba hizo ukambandika mama. Zaidi ya nusu ya upasuaji ule ulikuwa wa dharura, na theluthi hivi ulikuwa wa kujifungua. Mama anaingia kwa kupangwa, presha yake inajulikana, tumbo halijachafuka. Hatari yake iko chini sana kuliko ya mtu aliyeletwa usiku utumbo umetoboka. Nimezitaja ili uone macho yako yanahitajika wapi zaidi.

Tumalizane na mjomba kwanza. Upasuaji wa matundu wa nyongo si mageni ya juzi. Erich Mühe, mpasuaji wa Ujerumani, aliufanya Septemba 1985, na wenzake hawakumpokea vizuri hata kidogo. Leo ndiyo njia ya kawaida ya kutoa kifuko hicho duniani, na hapa nchini wapo wanaoufanya vizuri. Tumbo hujazwa hewa ya ukaa ili kupatikana nafasi, kamera hupitishwa kwenye tundu la kitovuni, vyombo kwenye matundu mengine madogo, kwa kawaida matatu. Mrija wa kifuko na mshipa wake wa damu hubanwa kwa vibanio, hukatwa, kisha kifuko huvutwa nje kupitia mojawapo ya matundu. Zamani mgonjwa alipasuliwa chini ya mbavu za kulia, na ule mshono ndio uliomfanya aogope hata kukohoa.

Kwa hiyo fedha za tiketi zibaki kwanza. Muulizeni mpasuaji mambo mawili. La kwanza, yeye mwenyewe huufanya upasuaji huu mara ngapi. Anayeufanya kila wiki hataona haya kujibu. La pili, na hili nalipenda zaidi: "Daktari, ukikuta humo ndani hapaonekani vizuri, utafanyaje?" Hatari inayotuogopesha sote katika upasuaji huu ni kuumizwa kwa mrija mkuu unaoshusha nyongo kutoka kwenye ini. Hutokea kwa wagonjwa watatu hadi watano katika kila 1,000, na mara nyingi ni kwa sababu uvimbe na makovu yameficha ramani ya pale. Mpasuaji mzuri atakuambia ataita mwenzake, au atatoa sehemu tu ya kifuko, au ataacha matundu na kufungua tumbo. Mama akitoka na mshono mrefu mliokuwa hamkuutarajia, msiseme daktari ameshindwa. Yawezekana ndiyo siku aliyofanya uamuzi bora kuliko zote. Fomu ya ridhaa atakayosaini mama iwe imelitaja jambo hilo, na asomewe kabla hajaweka sahihi.

Swali jingine la kuuliza, ambalo watu hulidharau: je, mnatumia ile orodha ya usalama ya Shirika la Afya Duniani? Ni karatasi moja yenye vipengele 19. Timu nzima husimama mara tatu: kabla ya nusu kaputi, kabla ya kukata ngozi, na kabla ya mgonjwa kutoka. Jina la mgonjwa husomwa kwa sauti, upasuaji gani, upande upi, ana mzio na dawa ipi, antibayotiki imeshaingia, na mwishoni vitambaa na vyombo vimehesabiwa vikatimia. Ilijaribiwa katika hospitali za miji minane, ikiwemo London, Toronto, New Delhi na Ifakara yetu ya mkoani Morogoro, na matokeo yakatoka Januari 2009. Vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7. Hakuna mashine iliyonunuliwa. Watu waliambiana majina na kusoma karatasi. Ukimwambia mjomba kwamba Ifakara ilikuwa humo, nadhani atatulia kidogo.

Sasa chai ya rangi. Daktari amewaambia sawa, na najua imewashangaza kwa sababu wengi wamezoea amri ya "asile wala asinywe kuanzia saa sita usiku". Chanzo cha hofu ni cha kweli. Mwaka 1946 daktari wa Marekani, Curtis Mendelson, alieleza jinsi akina mama waliopewa nusu kaputi wakati wa kujifungua walivyotapika na matapishi kuingia kwenye mapafu. Mgonjwa aliyelala usingizi wetu hawezi kukohoa kujiokoa. Lakini baadaye ikapimwa tumbo linachukua muda gani kuwa tupu, ikaonekana maji huondoka upesi kuliko chakula. Kwa mtu mzima aliyepangwa kama mama, chakula kinakoma saa sita kabla ya upasuaji, na vinywaji vyepesi visivyo na maziwa hadi saa mbili kabla. Maji, chai ya rangi yenye sukari, basi. Chai ya maziwa ni chakula. Uji ni chakula, hata ukiwa mwepesi namna gani, na hata bibi akisema "ni uji wa kuzimulia tu". Juisi ya embe yenye nyama zake pia ni chakula.

Kinachotuponza huku kwetu ni foleni. Mgonjwa anafunga tangu saa sita usiku, kisha anaingizwa saa nane mchana akiwa amekauka, kichwa kinamuuma, presha inayumba. Kwa hiyo ulizeni mama ni wa ngapi kwenye orodha ya siku hiyo. Kama wodi itawapa maelekezo tofauti na haya, fuateni ya wodi, kwa kuwa wenye kisukari au wenye tumbo linalochelewa kumaliza chakula wana utaratibu wao. Na akila kwa bahati mbaya, semeni. Nitaahirisha upasuaji na sitagomba. Anayeficha ndiye anayenitia hofu.

Dawa za presha zinahitaji neno moja kabla ya siku yenyewe. Amlodipini kwa kawaida humezwa asubuhi hiyo kwa maji kidogo. Losartani, enalapril na ndugu zao mara nyingi tunazisimamisha siku hiyo kwa sababu zinaweza kuiangusha presha ghafla mgonjwa akishalala. Beba pakiti zote uzionyeshe, pamoja na aspirini au dawa yoyote ya kuzuia damu kuganda, na zile za mitishamba ambazo mama hatazitaja mpaka aulizwe mara tatu. Meno ya bandia yabaki nyumbani. Na kama kuna harusi wiki hii, mwambie asipake hina wala rangi kwenye kucha. Kile kidude tunachokibana kidoleni hupima oksijeni kwa kupitisha mwanga, na kucha iliyokolea rangi inaweza kukidanganya. Tena kidude hicho si malaika: utafiti wa Marekani wa mwaka 2020 ulionyesha kwamba kwa wagonjwa weusi kilikosa kuona upungufu wa oksijeni karibu mara tatu zaidi kuliko kwa weupe. Kikisoma 93 na mama anahema, amini anavyohema.

Shangazi yako mheshimu, lakini kwenye hili la kulala wiki amepitwa na wakati. Enzi zake madaktari nao walisema hivyo hivyo. Henrik Kehlet, mpasuaji wa Denmark, ndiye aliyeanza miaka ya 1990 kuuliza maswali ya kuudhi: kwa nini mgonjwa huyu bado yuko hospitali leo? Maumivu? Kichefuchefu? Mipira tuliyomwekea wenyewe? Akawa anaondoa kikwazo kimoja baada ya kingine: ganzi nzuri ili mofini, ile dawa kali ya maumivu, ipungue, chakula mapema, mgonjwa ainuke mapema. Mwaka 1995 timu yake iliripoti wagonjwa waliokatwa utumbo mpana kwa matundu wakirudi nyumbani baada ya siku mbili hivi. Kulala muda mrefu kuna gharama zake: damu huganda miguuni na kipande kinaweza kuruka hadi kwenye mapafu, sehemu za chini za mapafu hujikunja na kualika nimonia, utumbo nao hulala.

Kwa hiyo jioni ya siku ya upasuaji mama ainuke. Asikurupuke. Ageukie ubavu, ashushe miguu, ajiinue kwa mkono huku wewe ukimshika mgongo, akae kitandani kwanza dakika chache. Kizunguzungu kikiisha, asimame, aende hadi msalani na kurudi. Akikohoa ajikumbatie mto tumboni. Bega linaweza kumuuma, hasa la kulia, na atashangaa kwamba tumbo ndilo lililopasuliwa. Ni ile hewa iliyobaki ikigusa msuli unaotenganisha kifua na tumbo, ambao mshipa wake wa fahamu unatoka shingoni. Huisha yenyewe kwa siku moja mbili, na kutembea kunasaidia. Paracetamol ameze kwa saa zake, asisubiri maumivu yapande ndipo aombe.

Haya, usiku. Uliza mapema: nani yuko zamu, muuguzi mmoja ana wagonjwa wangapi, daktari wa zamu anaitwaje akihitajika, na kama ndugu mmoja anaruhusiwa kukaa. Wodi nyingi zina nesi mmoja kwa vitanda vingi mno, naye si mzembe, amezidiwa tu. Ukiruhusiwa kukaa, kaa kama msaidizi wake, usikae kama mkaguzi.

Anza na pumzi. Weka simu mbele yako, tazama kifua kikipanda na kushuka kwa dakika nzima, wala usimwambie unahesabu maana ataibadilisha. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20. Ikiwa chini ya 10, au anakoroma mkoromo mzito usio wake na ukimwita hafungui macho vizuri, usishukuru kwamba amepata usingizi. Huenda dawa ya maumivu, hasa mofini au pethidini, imemzidi. Mwite kwa sauti, inua kidevu chake, na mwenzako akimbilie kwa nesi. Zikizidi 25 nako usikae kimya.

Mapigo ya moyo nayo yaandike. Moyo unaokwenda zaidi ya 110 kwa dakika wakati mgonjwa amelala, amepata dawa ya maumivu na hana homa, unatafuta kusema kitu: damu inavuja, au nyongo inavuja, au maji yamepungua. Presha ya watu wengi hushuka baadaye, moyo hutangulia. Mkojo pia. Mtu wa kilo 70 anatarajiwa kutoa kama mililita 35 kwa saa au zaidi. Saa sita zikipita hajakojoa, sema.

Andika kwenye karatasi, na ukimfuata nesi mpe namba. "Sista, mama anaumwa" haimsaidii, kwa kuwa kila mtu mle ndani anaumwa. Mwambie hivi: "Sista, mama jioni alikuwa anapumua mara 18, sasa ni 28, moyo ulikuwa 84 sasa ni 116, na hajakojoa tangu saa kumi." Nakuhakikishia atainuka. Ukiona hapewi nafasi ya kumwita daktari, muombe kwa adabu amwite na wewe ukiwepo.

Nisikudanganye kwamba ndugu kukesha ni dawa ya kila kitu. Kundi lile lile la watafiti wa Afrika lilijaribu katika hospitali zaidi ya 300 kuwaangalia kwa karibu wagonjwa walio hatarini: vipimo mara nyingi zaidi, kitanda mbele ya meza ya manesi, ndugu kuruhusiwa kubaki. Matokeo yalitoka 2021, na vifo havikupungua. Nionavyo mimi, kuona peke yake hakutoshi kama aliyeonwa hapati daktari, damu au chumba cha upasuaji cha kumrudisha usiku ule ule. Ndiyo maana swali lako kwa hospitali lisiishie kwenye "nani anamwangalia". Ongeza: "Akibadilika usiku, mnaweza kumrudisha thieta? Damu ya kundi lake ipo?" Mkiombwa kwenda kuchangia damu kabla, nendeni.

Kesho yake mama anatakiwa awe na nafuu kuliko jana. Amekunywa, amejamba, ametembea, maumivu yanashuka. Asipokuwa hivyo asiruhusiwe kwa sababu tu siku zimefika. Mgonjwa wa matundu ambaye asubuhi ya pili tumbo linamuuma kuliko siku ya kwanza, hataki chakula, na anasema tu "sijisikii vizuri" bila kuweza kueleza, anatakiwa achunguzwe upya, hata kama kidonda chake kinapendeza. Mkiwa nyumbani, rudini bila kungoja kliniki akipata macho ya manjano, mkojo wa rangi ya kokakola, homa na kutetemeka, matapishi yasiyokoma, tumbo kuvimba, au mguu mmoja kuvimba na kuuma.

Shangazi atataka kumkanda kwa maji ya moto. Tafadhali msimkande tumbo lile. Matundu yakae makavu saa 48, baada ya hapo anaweza kuoga maji yanayotiririka na sabuni na kujikausha kwa kugusagusa. Hakuna majivu, hakuna spiriti, hakuna mafuta ya mnyonyo. Anayekuja kumsalimia anawe mikono na asikalie kitanda. Msimnyoe tumbo kwa wembe nyumbani kabla ya kwenda, ingawa mtu atawaambia ni usafi. Wembe huacha mikwaruzo ambayo vijidudu huipenda. Aoge tu kwa sabuni usiku na asubuhi. Antibayotiki yenye maana kubwa ni ile inayoingia ndani ya saa moja kabla ya kukatwa, na kwa upasuaji wa kupangwa kama huu mara nyingi hakuna haja ya kurudi na mfuko wa vidonge.

Chakula, kwa kuwa najua litafuata: ini litaendelea kutengeneza nyongo, ila sasa inashuka moja kwa moja utumbuni badala ya kuhifadhiwa. Wiki za mwanzo mafuta mengi yanaweza kumharisha, basi ale kidogo kidogo, ndizi za kuchemsha, samaki, ugali na mboga, kisha arudi kwenye chapati na pilau taratibu. Si kweli kwamba hatakula mafuta maisha yake yote. Na kama jirani amemletea mchanganyiko wa mafuta ya zeituni na ndimu wa "kuyeyusha mawe", hivyo vijiwe vya kijani atakavyoviona chooni ni mafuta yenyewe yaliyoganda kama sabuni. Mawe yake yatakuwa bado yapo.

La mwisho ni la karatasi. Kifuko kikishatolewa kinatakiwa kwenda maabara ya patholojia, kwa sababu mara chache, chini ya mgonjwa mmoja kati ya 100, hukutwa saratani ambayo hakuna aliyeishuku. Familia nyingi hazirudi kuchukua majibu kwa kuwa mgonjwa amepona na anapika. Siku ya kuruhusiwa uliza sampuli imepelekwa wapi, nani analipia, na majibu yatatoka tarehe gani. Iandike tarehe hiyo kwenye simu yako, si ya mama, na uende wewe mwenyewe kuyafuata.